Mtu akianguka barabarani, nani husimama?

Usiku wa Januari 19, 2022, mpigapicha René Robert, Mswisi wa miaka 85 aliyejipatia jina kwa picha za wasanii wa flamenko, alitoka kunyoosha miguu karibu na kwake jijini Paris. Alipofika mtaa wa Turbigo, mtaa wa maduka na baa katikati ya jiji, akaanguka na hakuinuka tena. Alilala pale chini kwa takriban saa 9, watu wakipita. Alfajiri ndipo mtu mmoja akapiga simu ya dharura, lakini baridi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Aliyepiga simu ni mtu asiye na makazi, mmoja wa wale wanaolala nje maeneo yaleyale.

"Kwetu haiwezekani," ndivyo wengi tulivyosema. Halafu kesho yake unapita Kariakoo, unamkuta mtu kajilaza kifudifudi kando ya mtaro, kiatu kimoja kimemvuka, na unamkwepa kama vile unakwepa dimbwi. Unajua ni mlevi. Umejuaje?

Swali la kama watu wana roho nzuri au mbaya halitufikishi mbali, kwa sababu watu walewale, siku ileile, humkimbilia mmoja na kumruka mwingine. Oktoba 2016, mjini Essen, Ujerumani, mzee wa zaidi ya miaka 80 alianguka kwenye chumba cha mashine za kutolea pesa za benki. Kamera ilirekodi wateja wanne, mmoja baada ya mwingine, wakimpita, wengine wakimruka, wakachukua pesa zao na kuondoka. Wa tano ndiye aliyeita msaada. Mzee alifariki siku chache baadaye. Mwaka 2017 mahakama iliwatoza watatu kati yao faini ya kati ya euro 2,400 na 3,600 kila mmoja, maana Ujerumani kumwacha mtu aliye hatarini bila kumsaidia ni kosa la jinai. Utetezi wao? Walidhani ni mtu asiye na nyumba aliyejilalia.

Siamini kuwa walidanganya. Jicho huwa limeshatoa hukumu kabla moyo haujaulizwa. Mtu akishawekwa kwenye fungu la "hawa hulala chini", kulala kwake chini si habari tena.

Imani kwamba watu wa mjini hawasaidii ina tarehe yake. Machi 13, 1964, usiku wa manane, msichana aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu karibu na kwake eneo la Queens, New York, akafa. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kuwa majirani 38 walishuhudia wakiwa madirishani na hakuna aliyenyanyua simu wakati anashambuliwa. Habari ile ikaingia kwenye vitabu vya kiada na ikasomeshwa kwa miongo. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli kwa namna ilivyoandikwa. Mwaka 2007 watafiti watatu waliopekua kumbukumbu za kesi walionyesha kuwa hakuna ushahidi wa mashahidi 38 waliokaa wakitazama. Wengi walisikia kelele tu bila kuelewa ni nini, jirani mmoja alimpigia kelele mshambuliaji akakimbia kwa muda, na mwanamke mmoja alishuka ngazi akampakata Kitty wakati anakata roho. Huyo wa mwisho hakutajwa kwenye hadithi iliyovuma.

Lakini kabla hadithi haijasahihishwa ilikuwa imeshazaa utafiti. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walijiuliza kama wingi wenyewe wa watu ndio unaowazuia. Mwaka 1968 walichapisha jaribio ambalo mwanafunzi aliketi chumbani peke yake, akizungumza na wenzake kupitia spika. Ghafla mmoja wa sauti zile anaanza kukwama, anakoroma, anasema anapata kifafa. Aliyeamini kuwa ni yeye peke yake anayesikia alitoka kutafuta msaada kabla sauti ile haijakatika kwa asilimia 85. Aliyeamini kuna msikilizaji mwingine mmoja, asilimia 62. Aliyeamini wapo wengine wanne, asilimia 31.

Mwaka uliofuata Latané na mwenzake Judith Rodin wakaja na jaribio linalofanana zaidi na mambo ya kila siku: mwanamke anasikika chumba cha pili akianguka kutoka kwenye kiti na kulia kuwa mguu umeumia. Aliyekuwa peke yake aliingia kusaidia kwa asilimia 70. Aliyewekwa na mtu aliyepangwa akae kimya kama hakuna kilichotokea, asilimia 7 tu. Wageni wawili wasiojuana, walau mmoja kati yao alisaidia kwa asilimia 40. Marafiki wawili, asilimia 70.

Hiyo namba ya marafiki inafumbua mambo. Kama tatizo lingekuwa wingi tu, marafiki nao wangekwama. Tofauti yao na wageni ni kwamba wanaweza kutazamana na kuulizana bila aibu: "Umesikia? Twende." Wageni hutazamana kwa kificho, na kila mmoja anauona uso mkavu wa mwenzake. Anajisemea kama ingekuwa jambo zito huyu mwenzangu angeshtuka. Mwenzake anajisemea hivyohivyo. Wote wawili wana wasiwasi na wote wawili wanajifanya hawana. Juu ya hapo kuna wajibu unaogawanywa kwa idadi ya waliopo hadi kila mtu anabaki na chembe, na kuna hofu ya kuchekwa: uruke kumwokoa mtu, kumbe anafunga kamba za viatu.

Sasa toka maabara, panda treni.

Kati ya Aprili na Juni 1968, Irving Piliavin, Jane Piliavin na Judith Rodin waliwatuma wanafunzi kwenye treni za chini ya ardhi za New York. Walichagua kipande cha reli chenye mwendo wa karibu dakika saba na nusu bila kusimama, kati ya mtaa wa 59 na wa 125. Sekunde kama 70 baada ya kuondoka, kijana mmoja anapepesuka na kuanguka katikati ya behewa, kisha analala akitazama dari. Safari nyingine amebeba fimbo ya kutembelea. Nyingine ananuka pombe na ana chupa iliyofungwa kwenye mfuko wa karatasi. Walifanya hivyo mara 103.

Mwenye fimbo alisaidiwa bila mtu kuchochewa mara 62 kati ya 65. Mlevi, mara 19 kati ya 38. Tena kwa mwenye fimbo, kwa kawaida mtu wa kwanza alishafika ndani ya sekunde tano. Tano! Kwa mlevi ilichukua zaidi ya dakika moja na nusu, wale abiria wakitazama viatu vyao. Na lile tatizo la wingi, ambalo maabara ililikuta, halikuonekana: behewa lililojaa halikusaidia kidogo kuliko lenye watu wachache.

Kwa nini treni ikatae kile ambacho maabara ilithibitisha? Kwenye treni mtu ameanguka mbele ya macho yako, si sauti kupitia ukuta. Unawaona wenzako, unajua nani amenyanyuka na nani hajanyanyuka. Na huwezi kuondoka. Dakika saba utakaa na mwili ule miguuni pako. Barabarani una njia rahisi kuliko zote, nayo ni kuendelea kutembea. Kwa maneno mengine, wingi wa watu unadhuru pale tu ambapo jambo halieleweki. Likieleweka, wingi unageuka faida. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kamera za mitaani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town: ugomvi 219 hadharani, na katika asilimia 91 walau mtu mmoja aliingilia. Kadiri waliokuwepo walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa mwathirika kupata msaada ulivyopanda. Cape Town, jiji lenye sifa mbaya ya uhalifu, haikuwa nyuma ya Ulaya. Kwa hiyo ile picha ya umati uliokufa ganzi ipo, lakini si picha ya kawaida.

Kuna mambo mawili mengine yanayoamua, na la kwanza nitalipitia haraka kwa sababu linaeleweka: haraka. Mwaka 1973 Darley na Daniel Batson waliwapima wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Princeton waliokuwa njiani kwenda kutoa hotuba fupi, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema. Njiani wakamkuta mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Waliokuwa na muda walisimama kwa asilimia 63. Waliokuwa wamechelewa, asilimia 10. Kwamba walikuwa wanakwenda kumhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Mchungaji mtarajiwa amchelewe Bwana kwa sababu ya mtu wa mlangoni? Ndiyo hayo.

La pili ni jezi. Mark Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lancaster, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walikusanya mashabiki wa Manchester United, wakawajazisha fomu kuhusu timu yao, kisha wakawaambia watembee hadi jengo jingine. Njiani kijana anakuja mbio, anateleza, anashika kifundo cha mguu na kulia. Akiwa na jezi ya Manchester United, 12 kati ya 13 walimsaidia. Akiwa na fulana ya kawaida, 4 kati ya 12. Akiwa na jezi ya Liverpool, 3 kati ya 10. Msomaji wa Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi. Ila watafiti wakarudia, na safari hii fomu iliwauliza kuhusu kuwa shabiki wa mpira kwa jumla, raha ya kupenda mchezo. Sasa mwenye jezi ya Liverpool alisaidiwa kwa asilimia 70, karibu sawa na wa Manchester aliyepata 80. Aliyeachwa nyuma ni mwenye fulana ya kawaida, asilimia 22. Mpaka wa "mwenzetu" ulisogezwa kwa karatasi moja ya maswali.

Levine mwingine, Robert, naye alizunguka miji 23 duniani miaka ya 1990 akiwa na wanafunzi wake, wakiangusha kalamu, wakijifanya vipofu wanaotaka kuvuka barabara, na wakidondosha magazeti huku mguu umefungwa. Rio de Janeiro iliongoza kwa asilimia 93. Lilongwe, kwa jirani zetu Malawi, ilikuwa ya tatu kwa 86. New York ilipata 45, na Kuala Lumpur ya mwisho 40. Kwa jumla miji yenye uwezo mkubwa wa kununua ilisaidia kidogo kuliko miji maskini.

Nadhani miji yetu haiko mbali na Lilongwe, angalau kwa hatua ya kwanza. Tazama mama akiteleza kituo cha daladala Mbagala Rangi Tatu siku ya mvua. Kabla hajagusa tope vizuri "pole mama" zimeshatoka midomo kumi. Kuna anayemshika mkono, kuna anayekusanya nyanya zilizosambaa na kupangusa moja moja kwa kanga, kuna kondakta anayemkemea dereva ambaye hata hakuhusika. Kelele zile zinafanya kazi ambayo marafiki wawili wa Latané walifanya kwa kuulizana. Mtu anayesema "jamani!" kwa sauti ameshawatoa wengine kwenye kubahatisha kwamba huenda ni jambo dogo.

Kwetu mambo hukwama hatua ya pili. Kusimama ni bure. Kumchukua mtu hadi hospitali kuna gharama, na kila mtu kwenye ule umati anaijua. Kuna nauli ya bajaji, kuna kaunta itakayomuuliza aliyemleta "nani analipia?", kuna siku ya kibarua imepotea. Mtu akiwa na majeraha ya ajali au kipigo, Tanzania inahitajika fomu ya polisi namba tatu, PF3, na wengi wamekua wakiamini kuwa bila hiyo daktari hamgusi mgonjwa. Methali inasema tenda wema nenda zako. Kituoni wanasema baki kwanza uandike maelezo.

Kenya ina kipengele kizuri: Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini msamaria anayesimama Tom Mboya Street, Nairobi, saa mbili usiku hafikirii Katiba. Anafikiria kuwa yule kijana aliyeanguka huenda amewekewa "mchele", yaani dawa ya kulevya, kwenye kinywaji na waliomwekea bado wako karibu, au ni chambo. Na anafikiria jambo la kutisha zaidi: akiinama kumpekua mfuko atafute simu ya kuwaita ndugu zake, mtu mmoja tu akipaza sauti "mwizi!" basi wa kuokolewa watakuwa wawili. Hiyo si roho mbaya. Ni hesabu, na si ya kipuuzi.

China waliiona hesabu hiyo ikiharibu mji mzima. Mwaka 2006 huko Nanjing kijana aitwaye Peng Yu alimpeleka hospitali bibi aliyeanguka kituo cha basi. Bibi akadai ndiye aliyemgonga. Mwaka 2007 mahakama ilimtaka kijana alipe zaidi ya yuan 45,000, na hoja mojawapo ya hakimu ilikuwa kwamba kama hakumgonga, mtu wa kawaida asingejisumbua kumsaidia kiasi kile. Nchi nzima ikasoma somo moja: ukiinua mtu, umekiri. Miaka baadaye ilitangazwa kuwa Peng mwenyewe alishakubali kuwa waligongana, lakini somo lilikuwa limeshakaa. Oktoba 2011 mjini Foshan mtoto wa miaka miwili aligongwa na gari, na kamera ikahesabu watu 18 wakipita kabla ya mwanamke mwokota taka kumwondoa barabarani. Mtoto alifariki. Tangu Oktoba 2017 sheria ya China inamkinga anayesaidia kwa hiari asidaiwe fidia kwa madhara yatakayotokea wakati wa kuokoa.

Sheria za namna hii ni za aina mbili, na watu huzichanganya. Ujerumani na Ufaransa zinakulazimisha: Ufaransa adhabu kwa kawaida inafika kifungo cha miaka 5 na faini ya euro 75,000. Kongo, iliyorithi sheria kutoka Ubelgiji, nayo ina kosa la kutomsaidia mtu aliye hatarini. Mfumo wa Kiingereza, ambao Kenya, Uganda na Tanzania Bara zilirithi, haukulazimishi kumwinua mgeni. Unamdai dereva aliyehusika na ajali, mzazi, na wenye wajibu maalumu. India, yenye mfumo huohuo, ilichukua njia nyingine. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliupa nguvu mwongozo unaosema aliyemleta majeruhi wa ajali ya barabarani asizuiwe hospitali, asidaiwe malipo, asilazimishwe hata kutaja jina, na mwaka 2019 kinga hiyo ikaingizwa kwenye sheria ya magari. Mimi niko upande wa India. Tishio la kifungo halikumsaidia yule mpigapicha, René Robert, katikati ya Paris, kwa sababu tishio halimsimamishi mtu ambaye kweli anadhani anapita karibu na mtu aliyelala. Lakini yule ambaye ameshaona, ameshasimama na anasita, kumwondolea kituo cha polisi na kaunta ya malipo kunambadilisha papo hapo.

Kuna anguko moja ambalo kwetu hata hatua ya kwanza hukosekana, nalo ni kifafa. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianza kutibu wenye kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wengi wana makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka kwenye mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa, maana iliaminika mate ya mgonjwa yanaambukiza. Mate hayaambukizi kifafa. Utafiti wa miaka ya karibuni umehusisha wingi wa kifafa eneo hilo na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito, lakini hofu ya mate bado iko hai hadi mjini. Na wasioogopa huwa na kosa la upande wa pili: wanamkandamiza na kumtia kijiko mdomoni, wakamvunja meno. Anachohitaji ni kuondolewa vitu vigumu karibu yake, kitu laini chini ya kichwa, kugeuzwa ubavu, na mtu wa kutazama saa. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, hospitali.

Vivyo hivyo na mzee aliyeanguka kwa kishindo. Umati utapiga kelele "mwinueni, mwinueni", na nyonga au shingo iliyovunjika itazidi kuharibika. Muulize kwanza anaumia wapi, kama anaihisi miguu yote miwili.

Ukiwa wewe ndiye wa kwanza kufika, usiombe "jamani saidieni". Neno hilo linagawanywa kwa watu wote na halimfikii yeyote. Chagua mtu kwa alama yake: wewe kaka mwenye kofia ya kijani, piga 112, wewe dada, zuia magari. Mama wa duka mpe mkoba wa mgonjwa aushike watu wakiona. Simu yake ikitolewa mfukoni, itolewe mbele ya mashahidi wawili na isemwe kwa sauti inatolewa kwa sababu gani. Na kwenye bajaji usipande peke yako na mgonjwa bila mtu wa pili, afadhali awe mwenyeji wa hapo kituoni, anayejulikana kwa jina.